Meza ya pool nyumbani: jinsi ya kuisafisha na kuitunza katika hali ya hewa ya Mwanza

Meza nyingi za pool zinazochakaa mapema hapa Mwanza haziuawi na wachezaji. Zinauawa na usafi. Mtu anaona kitambaa kimefubaa, anachovya tambara kwenye ndoo ya maji ya sabuni, anasugua kwa nguvu zote, na ikifika jioni kitambaa kina mabaka, kimelegea katikati, na mpira ukipigwa polepole haufiki kwenye shimo. Baada ya hapo fundi anaitwa kubadilisha kitambaa kizima, kazi ambayo isingehitajika kwa muda mrefu tu kama brashi kavu ingetumika tangu mwanzo.

Kwa hiyo kanuni ni hii: meza husafishwa ikiwa kavu, kidogo kidogo na mara kwa mara, kuanzia juu kwenda chini. Maji ni ya mipira peke yake, isipokuwa siku kinywaji kikimwagika. Haya yanahusu meza ya sebuleni na hata ile ya sarafu, inayotoa mipira ukiingiza sarafu, uliyoiweka barazani ili vijana wa mtaa wapate pa kukaa jioni.

Kwanza, ijue meza yako

Piga magoti, uchungulie chini ya meza kwa tochi ya simu. Ukiona bamba la kijivu, la baridi, ambalo ukiligonga kwa kifundo cha kidole halitoi mlio wa mbao, meza yako ni ya jiwe. Ukiona rangi ya kahawia na ncha zinazomeguka kama unga, hizo ni mbao za kubana, na hapo vita yako na unyevu ni kali zaidi, kwa sababu zikishavimba hazirudi. Tatizo hili si geni. John Thurston wa London alianza kutumia mabamba ya jiwe kwenye meza za mchezo huu mwaka 1826, maana mbao zilikuwa zinapinda na hewa ya kule. Hewa ya ziwani nayo haina huruma.

Jiwe la meza ya futi 7 peke yake hupita kilo 100, na meza nzima hupita 200. Kumbuka uzito huo kabla hujamwambia mtu yeyote "hebu shika huko, tusogeze kidogo."

Angalia pia kitambaa. Pitisha kiganja kutoka upande mmoja wa urefu hadi mwingine, kisha urudi. Kama njia moja inateleza na nyingine inakataa, kitambaa chako kina manyoya yenye mwelekeo, na upande unaoteleza ndio upande wa kupigia brashi maisha yote ya meza hiyo. Kwa kawaida unatoka mwisho unaoanzia mchezo kwenda mwisho unaopangiwa mipira. Kama pande zote mbili zinalingana, kitambaa chako ni cha kusokotwa bila manyoya. Hicho hukimbiza mpira zaidi na kinavumilia zaidi.

Mahali pa kuiweka

Fimbo ya kawaida ina urefu wa karibu mita 1.45, kwa hiyo meza ya futi 7 inataka chumba cha mita 5 kwa 4 hivi ndipo mtu apige bila kutoboa ukuta. Chini ya hapo mtacheza kwa fimbo fupi na kugombana.

Usiiweke mkabala na dirisha linalotazama ziwa. Upepo wa jioni kutoka majini unaleta unyevu, na kitambaa chenye sufu huunywa. Mpira unakuwa mzito, na kingo zinarudisha mpira kivivu. Wenye nyumba Kirumba, Igombe na Capri Point wanajua jinsi chumvi inavyogandamana koponi. Kitambaa nacho kiko katika hewa hiyohiyo. Jua la moja kwa moja ni baya vilevile: linafifisha rangi, linakausha raba za kingo na kuzifanya ngumu. Chumba cha ndani chenye pazia na hewa inayopita kinatosha.

Kupiga pimamaji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyumba zetu nyingi zimepanda juu ya mawe. Mabatini, Igogo, Isamilo, huko sakafu ilimwagwa kufuata mwamba, na hata ile inayoonekana tambarare kwa macho inalalia upande. Meza isiyo sawa haionekani kwa kuitazama. Inaonekana pale mpira wa polepole unapokunja kona wenyewe karibu na shimo na kijana anasema, "Mjomba, meza inavuta," nawe unadhani anatafuta kisingizio. Mwamini kwanza, kisha pima.

Utahitaji pimamaji ndefu, ya sentimita 60 au zaidi, spana inayoingia kwenye bolti za miguu, na mtu mmoja wa kukusaidia.

1. Ondoa mipira yote na upige brashi juu ya kitambaa. Punje moja ya mchanga chini ya pimamaji inatosha kukudanganya.

2. Weka pimamaji katikati ya meza, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Kisha izungushe palepale, mwisho wa kushoto uje kulia, na usome tena. Kama usomaji wa pili unatofautiana na wa kwanza, tatizo ni pimamaji, azima nyingine.

3. Anza na urefu. Tafuta mwisho ulio chini na uinue miguu yake miwili kwa kiasi kimoja, kwa kuzungusha bolti. Usizungushe bolti zikiwa zimebeba uzito wote: jeki ya gari yenye kipande kinene cha mbao juu yake, ikiwekwa chini ya fremu, inapunguza mzigo. Usiinue meza kwa kushika kingo hata siku moja. Kingo zimefungwa kwa bolti zake, nazo zitaachia.

4. Kisha upana. Ukimaliza upana, rudi kwenye urefu, maana mmoja huuharibu mwingine. Zunguka hivyo mpaka kiputo kitulie katikati pande zote, pamoja na kwenye pembe nne.

5. Malizia kwa mpira. Usukume polepole sana kwa kidole kutoka mwisho mmoja, uache ufie wenyewe karibu na mwisho wa pili. Rudia katika mistari mitatu: katikati na kando zote mbili. Mpira ndiyo hakimu wa mwisho.

Kiwango cha mashindano ya kimataifa ni mkengeuko usiozidi nusu milimita kwa urefu wote na robo milimita kwa upana. Nyumbani huna haja ya kujitesa kiasi hicho, ila ujue unaelekea wapi.

Miguu isiyo na bolti huinuliwa kwa vipande vya bati nene au plaiwudi ngumu. Katoni lililokunjwa, ambalo ndilo utalikuta chini ya meza nyingi za mtaani, halifai. Sakafu ikipigwa deki asubuhi katoni linanyonya maji, linasinyaa, na meza inalala tena. Na kwa kuwa tumegusa deki: atakayedeki azungushe tambara lililokamuliwa kuzunguka miguu, asimwage maji. Miguu ya mbao huoza kuanzia chini, mahali ambapo hakuna anayechungulia.

Pima tena baada ya wiki moja, meza ikishakaa. Kama pembe ziko sawa lakini katikati pana bonde, tatizo si miguu bali mihimili iliyobeba jiwe, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kitambaa, siku hadi siku

Chaki ya fimbo siyo chaki ya shuleni. Fomula ya kisasa ya chaki hii iliandikishwa Marekani mwaka 1897 na mchezaji William Spinks pamoja na mkemia William Hoskins, na ndani yake mna silika na unga wa madini magumu, ya aina ileile inayotumika kunolea na kusugulia. Ndiyo maana inashika mpira vizuri, na ndiyo maana vumbi lake likikaa kwenye kitambaa linakikata nyuzi taratibu kila mpira unapopita. Mnachokiona cha bluu mezani ni msasa.

Baada ya kila siku ya mchezo fanya hivi:

Anza chini ya kingo. Ingiza brashi laini ya nywele ndefu pale raba inapokutana na meza, uivute taratibu kutoka pembeni ya shimo moja hadi jingine. Utaona mstari wa bluu unatoka ambao hukujua upo. Humo ndimo chaki nyingi hujificha, kwa sababu mpira huigonga kingo na kuikung'uta hapohapo. Zunguka meza nzima kabla hujagusa katikati.

Kisha katikati. Piga brashi kwa mistari mirefu iliyonyooka, kufuata mwelekeo wa manyoya, usirudi nyuma wala usizungushe. Kandamiza kidogo tu. Ukifika mwisho, usiyasukumie mavumbi shimoni, maana yatashuka kwenye njia za mipira na kwenye mtambo wa sarafu. Yakusanye kwa kitambaa kikavu cha pamba. Fulana nyeupe ya zamani, au ya mtumba kutoka soko la Mlango Mmoja, inafaa kuliko taulo, ambalo huacha nyuzi.

Kama una mashine ya kufyonza vumbi, itumie mara moja moja, kwa mdomo mwembamba usio na brashi inayozunguka, ukiuinua kidogo juu ya kitambaa ili usikivute kikalegea.

Vidoa vyeupe vidogo vilivyo pale mpira wa kwanza unapopigwa si uchafu. Ni nyuzi zilizoungua kwa msuguano wa mpira unaoteleza kabla ya kubingirika. Hazisafishiki; ukizisugua unatoboa.

Chaki yenyewe hupakwa ukiwa umegeuka kando, si juu ya meza, na haiachwi juu ya kingo ikiangalia chini. Hilo moja likiwa sheria ya nyumba, nusu ya kazi ya brashi inapungua.

Wadudu wa ziwani

Watunzaji wa meza walio mbali na ziwa hawana balaa hili. Siku za mwezi kuandama, hasa zikiangukia majira ya mvua, wale wadudu wadogo wanaonekana juu ya ziwa kama moshi uliosimama. Usiku wakifika mjini hufuata taa, na taa ya meza ya pool imewekwa juu ya kitambaa kabisa. Asubuhi unakuta meza imetandikwa wadudu.

Usiwafute kwa mkono. Mdudu aliyepondwa huacha doa lenye mafuta, na doa hilo linashika vumbi mpaka linakuwa jeusi. Waache wakauke, uwapeperushe kwa brashi nyepesi sana isiyogusa chini, au wanyonywe kwa mashine ikiwa imeinuliwa. Wakiisha, ndipo upige brashi ya kawaida.

Kinga yake ni rahisi. Jioni ukiwaona wanakuja, zima taa ya mezani, washa ya nje iliyo mbali na dirisha, funika meza mapema. Kifuniko kiwe shuka zito la pamba. Turubai na nailoni huzuia hewa. Chini yake unyevu unajikusanya, na ukikaa wiki moja ya masika utafunua harufu ya ukungu. Nailoni iwe ya usiku ambao bati linavuja, na itoke asubuhi.

Shuka hilohilo litakukinga na mijusi wa darini, ambao hawachagui pa kuachia haja zao.

Kinywaji kikimwagika

Simamisha mchezo. Kandamiza kwa kitambaa kikavu, badilisha, kandamiza tena, ukitoka ukingoni mwa doa kuelekea katikati. Usisugue. Kama ilikuwa soda au bia, sukari itabaki na kugandisha manyoya, kwa hiyo kandamiza mara ya pili kwa kitambaa kilicholowa maji baridi na kukamuliwa hadi kisidondoke, kisha kikavu tena. Feni ikae karibu, meza isichezewe hadi kesho yake. Pasi hapana, wala mashine ya kukaushia nywele: joto linakaza sufu na kulegeza gundi.

Nyumba nyingi zenye meza zinazodumu zina stuli mbili ukutani kwa ajili ya glasi, na hakuna anayeruhusiwa kuegesha chupa juu ya kingo, hata shemeji aliyeleta kreti.

Mipira

Hapa sasa maji yanaruhusiwa. Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, matone machache ya sabuni ya maji, mpira mmoja baada ya mwingine kwa kitambaa laini, suuza, kausha hapohapo. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo, spiriti wala petroli. Zinaufanya uso wa mpira upauke na kushika chaki haraka zaidi. Usiichemshe. Ukiwa unaifuta, zungusha kila mmoja mkononi uhisi kwa ukucha. Mpira wenye kovu kali utoe, kwa sababu unakata kitambaa kila unapopita.

Ukinunua mipira mipya, pima kwanza ya zamani. Mipira mikubwa ya kawaida ina kipenyo cha milimita 57, ile midogo ya mtindo wa Kiingereza milimita 51. Ncha ya kingo hutengenezwa kwa kimo cha karibu asilimia 63.5 ya kipenyo cha mpira, yaani milimita 36 kwa mkubwa na 32 kwa mdogo. Mipira mikubwa kwenye meza ya midogo itaruka nje. Midogo kwenye meza ya mikubwa itabanwa chini na kufia kingoni.

Meza ya sarafu ina mtego wa ziada. Ili mpira mweupe urudi na mingine ibaki ndani, meza huutofautisha kwa ukubwa wake au kwa sumaku. Mweupe ukipotea (na hupotea, watoto wanaupenda), mpelekee muuzaji wa dukani mmojawapo wa mipira ya rangi pamoja na maelezo ya meza yako, la sivyo utanunua mweupe unaomezwa na meza kila unapoingia shimoni.

Fimbo

Fimbo isiegemezwe ukutani kwa kulala, itapinda. Isimame wima kwenye rafu yake au ilale yote tambarare. Kuipima, ibingirishe mezani: ikirukaruka katikati, imekwisha pinda.

Mti wake futa kwa kitambaa kikavu kila baada ya mchezo, kwa sababu jasho na chaki hujenga utando unaonata kidoleni. Msasa mlaini sana uwe wa nadra, maana kila unaposugua unapunguza unene.

Kubadilisha ncha ya ngozi unaweza mwenyewe:

1. Kata mabaki kwa wembe, sugua kichwa cha fimbo kiwe tambarare kabisa. Ikibaki gundi ya zamani, ncha mpya itaruka ndani ya siku chache.

2. Kwaruza mgongo wa ngozi mpya kwa msasa.

3. Tone moja la gundi kali, bandika katikati, kandamiza. Iache ikauke vizuri, usiku mzima ukiweza.

4. Simamisha fimbo kichwa chini juu ya plaiwudi, kata ngozi inayozidi kwa wembe, kisha lainisha pembeni kwa msasa bila kugusa mti.

5. Umba juu iwe na mviringo kidogo. Ncha tambarare haishiki mpira ukipiga pembeni, wala chaki haikai.

Kingo na sehemu za chini

Piga mpira kwa nguvu ya kawaida kwenda ukingoni na usikilize. Raba nzima hurudisha kwa sauti fupi, kavu. Raba iliyokufa hutoa mlio mzito na mpira unarudi umechoka. Kabla hujaihukumu raba, kaza bolti za kingo kwa spana, kwa zamu, kidogo kila moja, kwa maana bolti iliyolegea hutoa dalili zilezile na gharama yake ni sifuri.

Njia za mipira zifutwe kila baada ya miezi michache kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo ndefu. Mtambo wa sarafu ukikwama, usipake mafuta ya cherehani wala grisi: mafuta na chaki vikikutana vinakuwa tope. Piga brashi kavu, kisha nyunyiza unga wa risasi ya penseli uliokwanguliwa kwa wembe. Unateleza bila kunasa vumbi.

Mchwa na dumuzi wanapenda miguu na fremu. Ukiona unga wa mbao sakafuni, usiufagie tu, fuata ulikotoka.

Siku ya kubadilisha kitambaa

Kipara mahali pa kupangia mipira, mfereji kando ya kingo, au mchaniko: hapo hakuna ujanja, kitambaa kibadilishwe. Sikushauri ujaribu mwenyewe kwa mara ya kwanza, lakini simama hapo fundi anapofanya kazi, hasa kama kazi yake ya kila siku ni makochi. Fundi sofa anajua kuvuta, tatizo anavuta pande zote kwa pupa.

Mwombe aanze kwa kukwangua gundi na pini zote za zamani mpaka jiwe libaki tupu. Kama jiwe ni vipande vitatu, maungio yazibwe kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kisha ikwanguliwe ilingane na jiwe. Nta nzuri ya Tabora hupatikana na haina bei ya kutisha. Pimamaji ipigwe sasa, jiwe likiwa wazi, si baadaye. Kitambaa kilale chumbani siku moja kabla, kizoee hewa, na kazi isifanyike siku ya mvua: kitambaa kilichovutwa kikiwa na unyevu hakitabaki na mvuto uleule jua likitoka. Kivutwe kwa urefu kwanza, kisha upana, kutoka katikati kwenda pembe, na manyoya yaelekee upande uliouweka alama kwa chaki kabla ya kung'oa cha zamani.

Kabla hajarudisha fremu ya kingo, bana kitambaa katikati ya meza kwa vidole viwili na ukivute juu. Kikiinuka kwa urahisi, avute tena. Mlipe ukishabingirisha mpira.